LITAZAME JICHO LAKO KABLA YA KULIPAKA WANJA

Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.



Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini. Bibi harusi ni binti ninayemfahamu tangu akicheza kombolela uwanjani petu, na macho yake nayajua. Ni macho madogo, ngozi ya juu imeshuka kidogo, na akicheka hufumba yote mawili. Alipoingia ukumbini, macho yale sikuyaona. Mahali pake palikuwa na mabaka mawili meusi. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, bibi harusi kalia nini?"

Hakuwa amelia. Alikuwa amepambwa. Mpambaji alikuwa na picha katika simu yake, akaifuata hatua kwa hatua, na mkono wake ulikuwa hodari. Kosa lilikuwa moja tu: picha ile ilikuwa ya jicho la mtu mwingine.

Ndiyo sababu leo nimeamua kuzungumzia maumbo ya macho na jinsi ya kuyapamba. Najua wapo watakaosema hili ni jambo dogo. Wavumilie kidogo, kwani mwisho wa mazungumzo tutafika hospitalini.

Redioni siwezi kukuchorea picha, lakini picha unayo nyumbani. Chukua kioo, simama karibu na dirisha mchana, uso ukiwa haujapakwa kitu. Nyoosha kichwa, tazama mbele, usikunje uso wala usiinue nyusi. Sasa jiulize maswali matano. Nikisema ukope nina maana ya ile ngozi inayoshuka tunapofumba jicho. Zile nywele nitaziita nywele za kope, tusije tukachanganyana.

Swali la kwanza: je, unauona mkunjo juu ya jicho? Wako ambao mkunjo wao uko wazi, na chini yake ipo nafasi ya kutosha kupaka rangi. Wako ambao mkunjo upo, lakini ngozi ya chini ya unyusi imeshuka na kuufunika. Hilo tuliite jicho la kufunikwa, kama la binti yule. Na wako, hasa wengi wa watu wa Asia ya Mashariki, ambao hawana mkunjo kabisa. Umri nao haukosi kuingia hapa. Ngozi hulegea, na mtu aliyekuwa na mkunjo wazi akiwa na miaka 20 anaweza kuwa na jicho la kufunikwa akifika 50. Kwa hiyo, mama, usishangae wanja uliokukaa vizuri ujanani ukikukataa leo.

Mwenye jicho la kufunikwa asipake macho yakiwa yamefumbwa tu, akaridhika. Hapo ndipo mpambaji wetu alipoteleza. Alipaka wanja mnene jicho likiwa limefumba, likapendeza kweli. Binti alipofumbua, ngozi ikajikunja, wanja ukajipiga muhuri juu, na baada ya jasho la ukumbini ukawa baka. Dawa yake ni mstari mwembamba sana, ulioshikana na mizizi ya nywele za kope. Rangi ya giza nayo ipakwe macho yakiwa wazi, juu kidogo ya mkunjo wenyewe, ili ionekane unapotazama watu.

Swali la pili: lile duara la rangi katikati ya jicho linagusa kope zote mbili, ya juu na ya chini? Kama linagusa, jicho lako ni la umbo la lozi. Sisi tuliokua tukiokota kungu chini ya mti tungesema jicho la kungu: pana katikati, jembamba kwenye pembe. Jicho hili hupokea karibu kila mtindo. Lakini ukiona weupe juu ya duara au chini yake, jicho lako ni la mviringo, na mitaani huitwa macho ya gololi. Ukitaka kulirefusha, wanja uanze mwembamba ndani, unenepe kuelekea pembe ya nje na upite kidogo. Usilizungushe lote, kwani litazidi kuwa duara. Na kama unazipenda gololi zako, fanya kinyume: nenepesha wanja katikati. Hakuna sheria inayosema kila jicho lazima ligeuzwe lozi.

Swali la tatu: pembe ya nje iko juu au chini ya pembe ya ndani? Azima rula ya mtoto wa shule, ishike mlalo mbele ya uso, utaona mara moja. Pembe ya nje ikiwa chini, usiufuate mstari wa ukope hadi mwisho, kwani wanja nao utashuka na utaonekana mchovu siku nzima. Karibu na mwisho, uinue mstari kidogo kuelekea ncha ya unyusi. Pembe ikiwa juu, jicho limeshajiinua lenyewe. Kivuli kidogo chini ya pembe ya nje kinatosha kulisawazisha.

Swali la nne: kati ya macho yako mawili lingeweza kukaa jicho la tatu? Hicho ndicho kipimo cha kawaida. Nafasi ikiwa ndogo kuliko jicho moja, rangi ya mwanga ikae ndani karibu na pua, na ya giza ikae nje. Nafasi ikiwa kubwa, wanja na rangi ya giza visogezwe ndani.

Swali la tano ni la kujitazama kwa upande: jicho limeingia ndani au limetokeza? Lililoingia tayari lina kivuli chake, kwa hiyo ukope upewe rangi ya mwanga. Lililotokeza lipakwe rangi ya giza isiyong'aa. Rangi zenye kumetameta huvuta mbele kitu ambacho tayari kiko mbele.

Ukikuta jicho la kulia halifanani sawasawa na la kushoto, usihuzunike. Hivyo ndivyo tulivyo karibu sote.

Baada ya umbo, ngozi. Mafunzo mengi ya magazetini na katika simu yaliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Yanakuambia upake kahawia hafifu ili kupata kivuli. Juu ya ngozi yetu kahawia hiyo haionekani, na buluu ya maji au nyeupe ya chokaa hugeuka majivu. Rangi zinazotukubali ni zenye nguvu: damu ya mzee, zambarau iliyoiva, shaba, dhahabu, kijani cha chupa. Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Chicago, Marekani, wanamitindo weusi wa maonyesho ya mavazi ya jarida la Ebony walikuwa wakichanganya poda zao wenyewe kwa kukosa za ngozi yao. Mwaka 1973 Eunice Johnson, aliyeyasimamia maonyesho hayo, na mumewe John wakaanzisha vipodozi vya Fashion Fair kwa ajili yao.

Sasa tufike hospitalini, kama nilivyoahidi.

Wanja ni wa kale. Wamisri wa zama za Mafarao walisaga jiwe la galena, jeusi lenye kung'aa, wakapaka machoni. Jiwe hilo lina madini ya risasi ndani yake, na hata leo baadhi ya wanja wa unga unaouzwa katika nchi mbalimbali umepimwa ukakutwa na risasi. Marekani hairuhusu wanja wa aina hiyo kuuzwa kama kipodozi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa sababu risasi huharibu ubongo unaokua. Tena mtoto hupikicha macho, kisha hunyonya vidole. Nasi tunawapaka wanja watoto wachanga, machoni na kwenye nyusi, tukiona tunawapendezesha au tunawakinga na jicho baya. Wazazi wenzangu, risasi haionekani kwa kutazama wala haina harufu. Unga usio na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, usiuweke kwa mtoto. Mtoto mchanga ni mzuri bila wanja.

Jambo jingine ni kuazimana. Januari 2024 maradhi ya macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, tulikumbushana kunawa mikono na kutochangia taulo. Kijiti cha wanja na brashi ya maskara vimo katika orodha hiyo hiyo. Vikope, yaani trakoma, navyo huambukizwa kwa majimaji ya jicho linaloumwa, na wapo waliopofuka kwa ugonjwa huo. Saluni ikitumia brashi moja kwa bibi harusi, somo wake na wapambe wote, nenda na ya kwako. Maskara uliyoifungua ibadilishe baada ya miezi mitatu hivi, hata kama haijaisha.

Kuhusu kope za bandia, wengi mtakumbuka Septemba 2018, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alipowazuia wabunge wanawake wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni. Mjadala ulikuwa mkali, na wengine waliuliza kwa nini hoja iwe nyuso za wanawake tu. Mimi nasema hili tu: gundi ya kope inaweza kuwasha na kuvimbisha ukope. Ijaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio, usubiri siku moja, na ukiona jicho linawasha, zivue bila kungoja harusi iishe.

Na hapa ndipo lile zoezi la kioo linapolipa. Anayelijua jicho lake atatambua likibadilika. Ukope mmoja ukishuka ghafla, usitafute mtindo wa wanja wa kuuinua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani yaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu au wa ubongo. Macho yakianza kutokeza kuliko yalivyokuwa, nako nenda, kwani yaweza kuwa ni tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Rangi ya giza inaweza kukuficha wewe na daktari wako pia.

Wahenga walisema, ukipenda, chongo utaita kengeza. Yule kijana aliyeoa Jumamosi alimpenda binti mwenye macho madogo yanayofumba akicheka. Mwisho wa sherehe shangazi alimpeleka binti bafuni, akamnawisha kwa maji na sabuni. Aliporudi, bibi aliyekaa karibu nami akatabasamu, akasema, "Huyu sasa namjua."

Mpaka wiki ijayo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.