Ile Alama ya Kusevu Ilikuwa Kitu ya Ukweli: Mbona Wasee Bado Wanasaka Draivu za Disketi

Unajua kale kaalama unabonyeza ukitaka kusevu kazi kwa kompyuta? Basi hiyo si mchoro tu. Ni disketi ya inchi 3.5, na ndani yake inabeba MB 1.44 pekee. Picha moja ya simu yako inaweza kukosa kuingia hapo. Noma!

IBM ndio walitoa disketi ya kwanza 1971, ya inchi 8, kubwa kama sahani ya chakula. Sony wakaleta hii ndogo 1981, halafu wakaacha kuiuza 2011. Lakini usidhani ilikufa hapo. Jeshi la Marekani lilitumia zile za inchi 8 kwa mitambo ya silaha za nyuklia hadi 2019. Japani nayo ilimaliza kufuta masharti ya kupeleka hati za serikali kwa disketi mwaka wa 2024 tu!

Sasa draivu ni ya nini?

Disketi bila draivu ni plastiki tu. Ndani kuna kasahani laini kamepakwa dawa ya sumaku. Draivu inakazungusha mara 300 kwa dakika, na kichwa chake kinakagusa kabisa kikisoma. Shida ni kwamba sumaku hufifia na miaka, na draivu nzima zinazidi kupungua. Ndio maana wasee wanaziokota, wanaziosha na kuzifufua. Sio kupenda vitu za kizamani pekee, hiyo ndio funguo ya kufungua faili za watu.

Chunga kitu moja: draivu ya USB inasoma za inchi 3.5 tu. Za inchi 5.25 zinataka draivu yake ya kitambo, na kasaketi kama Greaseweazle ka kuiunganisha na laptopu ya leo.

Ukipata disketi, fanya hivi

1. Iangalie kwanza. Ikiwa na ukungu, usiingize! Itachafua kichwa, na kichwa kichafu kitakwaruza disketi zingine zote.
2. Kwa ile ya inchi 3.5, sukuma kale kakifuniko ka kona mpaka katundu kawe wazi. Hapo hakuna kitu kitaandikwa juu.
3. Safisha kichwa cha draivu polepole na pamba yenye spiriti safi.
4. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kufomati, kataa! Hiyo inaweza kufuta kila kitu.
5. Nakili disketi yote mara moja, ndio uanze kufungua faili moja moja.

Kama mzazi wako alifanya kazi ya ofisi miaka ya 90, muulize kuhusu zile droo hazifunguliwangi. Pengine kuna barua, hesabu za chama ama kitabu hakuwahi kumaliza kuandika. Na manze, muulize mwaka huu, kwa sababu sumaku haingoji mtu.