Tembe za kulinda neva ya jicho: Je, zinamfaa mgonjwa wa glakoma?

Na MWANDISHI WETU

MGONJWA wa glakoma anapoarifiwa na daktari kwamba uwezo wa kuona aliokwisha kuupoteza hautarudi, huwa tayari kujaribu chochote kitakachookoa ule uliosalia.

Hapo ndipo tembe za virutubishi zinazodaiwa kulinda neva ya jicho humvutia. Swali ni je, zinafanya kazi?

Jibu lake ni zito kwa kuwa glakoma inaongoza duniani miongoni mwa maradhi yanayosababisha upofu usioweza kutibika. Mwenye mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na akaona tena. Aliyepofushwa na glakoma hana bahati hiyo.

Ugonjwa huu huharibu neva inayosafirisha picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zaidi ya milioni moja, na unaokufa haufufuki. Mara nyingi chanzo huwa ni shinikizo la maji ya ndani ya jicho yanaposhindwa kutoka ipasavyo.

Kwa kuwa huanza kula kingo za upeo wa macho polepole na bila maumivu, wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Watu weusi wamo katika hatari kubwa zaidi, sawa na wale ambao wazazi au ndugu zao wanaugua.

Tiba iliyothibitishwa ni kupunguza shinikizo hilo kwa dawa ya matone, miale ya leza au upasuaji. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa huendelea kupoteza uwezo wa kuona hata baada ya shinikizo kushuka. Ndiyo maana watafiti wakaanza kutafuta njia ya kuikinga neva yenyewe.

Safari hiyo haijakuwa rahisi. Dawa ya memantini, inayotumiwa na wagonjwa wa Alzheimer, ilijaribiwa kwa miaka minne kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa glakoma. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba haikuzuia ugonjwa kuendelea.

Matumaini makubwa sasa yako kwa nikotinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3. Mnamo 2017, wanasayansi wa taasisi ya Jackson Laboratory nchini Marekani walitangaza kwamba panya waliopewa kiwango kikubwa cha vitamini hiyo walikingwa vyema, asilimia 93 ya macho yao yakikosa kupata glakoma.

Maelezo yao ni kwamba seli za neva ya jicho huhitaji nguvu nyingi, ilhali kemikali ya NAD inayosaidia kuzalisha nguvu hiyo hupungua umri unaposonga. Vitamini B3 huiongeza.

Utafiti kwa binadamu ulifuata. Nchini Australia, wagonjwa 57 walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa 2020, na jijini New York wengine 32 wakakamilisha ule wa 2022, ambapo nikotinamaidi ilichanganywa na piruvati. Vipimo viliimarika kiasi.

Lakini tafiti hizo zilikuwa za muda mfupi. Hazikuthibitisha kwamba upofu ulicheleweshwa. Ni kwa sababu hiyo tafiti kubwa zaidi zilianzishwa Uswidi, Uingereza na kwingineko.

Isitoshe, wagonjwa hao walifikia gramu tatu kwa siku, zaidi ya mara 180 ya kiwango anachohitaji mtu mzima. Kiasi hicho hakipatikani kwa kula njugu na samaki, na kinaweza kusababisha kichefuchefu, kuhara na hata madhara kwenye ini. Hivyo basi, hakifai kumezwa bila daktari kujua.

Nao mti wa ginkgo ulileta matumaini katika utafiti mdogo uliofanywa Italia 2003, lakini utafiti wa baadaye nchini China haukuona manufaa hayo. Aidha, tembe zake zinaweza kuzidisha uvujaji wa damu kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni mgonjwa kuacha matone ili apate pesa za kununua virutubishi. Anayelemewa na gharama au usumbufu wa matone ya kila siku afadhali amuulize daktari kuhusu leza.

Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, utafiti uliochapishwa 2021 ulibaini kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu katika asilimia 61 ya macho, ikilinganishwa na asilimia 31 kwa matone ya timololi.

Kwa sasa, virutubishi vinaweza tu kuwa nyongeza, kwa idhini ya daktari. Aliyetimu miaka 40, hasa mwenye jamaa anayeugua, apimwe macho mapema. Kwa glakoma, maji yakimwagika hayazoleki.