Ununuzi wa Nyumba za Kale katika Mji Mkongwe wa Zanzibar: Umiliki na Wajibu wa Uhifadhi

Makala haya yanafafanua mambo mawili ambayo mnunuzi wa nyumba katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hana budi kuyachunguza kabla ya kuafikiana bei. La kwanza ni umiliki. Zipo nyumba za watu binafsi, za Serikali, zikiwemo zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na za wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Anayeilipia bila kujua hununua mgogoro.

La pili ni ujenzi wenyewe. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa huruhusu unyevu wa ukutani kutoka. Ukuta ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, ncha za boriti huoza, na dari huweza kuwaporomokea wakaazi. Kwa hiyo, bei halisi ya nyumba hizo ni fedha ya ununuzi pamoja na gharama ya chokaa, boriti na fundi anayeijua kazi hiyo.