Manga ao anime? «Made in Abyss» mu nyumba ya mufanyakazi wa mugodi

Kamarade mumoja wa posti ya usiku alikuja kutuona ku biro ya sendika. Hakuja juu ya mushahara, wala juu ya kaske zenye kupasuka. Alikuja juu ya mutoto wake wa miaka 11. Mutoto alikuwa anaangaliaka filme mu simu ya mama yake, na usiku ine wenye kufuatana alilia, akakataa kusema sababu. Kamarade akatuonyesha filme ile: watoto wenye nyuso za muviringo na macho makubwa, majani ya kijani, wingu jeupe. «Niliwaza ni ya watoto,» akasema. «Nimunyanganye simu, ao nimuachie? Mukubwa wake mumoja ku masomo anasema filme ni mbaya, kitabu njo kizuri. Mwingine anasema kinyume.»

Hatukukuwa na jibu. Tukamuomba atupatie siku 14.

Hadisi ile inaitwa Made in Abyss. Kwa wazazi wenye hawajui: anime njo filme ya kuchora ya Wajapani, na manga njo kitabu cha picha chenye filme ile mara mingi inatokea ndani yake. Kijana mumoja wa kamarade alikuwa na vipindi vya kwanza mu ordinatere yake. Vitabu vitatu vya kwanza kwa Kifaransa, vyenye nyumba ya Ototo inachapisha, vilitoka kwa shemeji yetu mwenye kuishi Ubelgiji. Tukaangalia, kisha tukasoma. Hii njo tuliona.

Shimo katikati ya muji

Mwandikaji ni Akihito Tsukushi. Alianza kutoa hadisi hii mu 2012. Anime ya kwanza, vipindi 13, ilitoka mu 2017. Ilifanywa na studio Kinema Citrus, muongozaji ni Masayuki Kojima. Mu 2020 ikafuata filme ya sinema, Dawn of the Deep Soul, na mu 2022 vipindi vingine 12.

Mu kisanga kimoja cha mbali kuna shimo lenye upana wa karibu kilometre moja. Hakuna mwenye anajua mwisho wake. Ku ukingo watu walijenga muji, Orth, na muji muzima unakula kupitia vitu vya zamani vyenye vinatolewa mule ndani na kuuzishwa inchi za mbali. Wachimbaji wanavaa filimbi ku shingo. Nyekundu ni ya wanafunzi, kisha bluu, kisha ya mwezi, kisha nyeusi, na nyeupe ni ya wakubwa wa kabisa. Sisi wenye kujua kaske ya rangi gani inaamuru kaske ya rangi gani, tulielewa mara moja.

Riko iko na miaka 12. Anaishi mu nyumba ya yatima ya Belchero, fasi watoto wa wachimbaji wenye walikufa wanalelewa na wanafundishwa kushuka. Iko na filimbi nyekundu. Mama yake Lyza alikuwa na filimbi nyeupe, na alishuka bila kurudia. Siku moja karatasi inatoka chini kusema kama anangojea kule. Riko anaondoka na Reg, kijana mwenye mwili wake uko sawa mashini, wanashuka kumutafuta.

Sasa musikie sheria ya shimo lile. Kushuka hakuumize. Kupanda njo kunaumiza. Ukipanda kutoka fasi ya kwanza, unapata kizunguzungu na kichefuchefu. Ukipanda kutoka fasi ya ine, damu inatoka ku macho na ku masikio. Ukipanda kutoka fasi ya sita, unakufa ao unapoteza umutu wako. Kwa hiyo wenye wanaenda mbali sana wanajua hawatarudia, na wenye wanabakia juu wanajua pia.

Ba papa na ba mama, hii haiko hadisi ya watoto, hata kama nyuso zake ni za watoto.

Anime: inakubeba

Tuanze na yenye anime inashinda. Muziki. Kevin Penkin, mutu wa Australia, njo aliitunga, na ilirekodiwa ku Vienna. Kuna wakati hakuna mwenye anasema, shimo linafunguka chini ya miguu ya Riko, na muziki inakuonyesha urefu wake kuliko macho. Mumoja wetu alifanya kazi chini ya udongo miaka 19. Wakati huo alisimamisha ordinatere na kusema: «Ni vile kabisa, siku ya kwanza mu lifti.»

Rangi pia. Kila fasi iko na mwangaza wake, miti yake, nyama zake. Na kwa mutu mwenye kutoka posti na kuchoka, kukaa na kuangalia ni rahisi kuliko kusoma. Vipindi 13 vya kwanza ni karibu saa tano na nusu, ukiachilia siku zenye umeme unakatika. Kwetu ilikatika mara mingi, na saa tano na nusu ikakuwa juma moja. Mwenye anaangalia mu simu, mega zinaisha mbele ya hadisi.

Lakini anime iko na uzaifu wake: inakubeba. Haikuulize kama uko tayari. Mu kipindi cha 10, Riko anachomwa na mwiba wa sumu ku fasi ya ine, Reg anampandisha juu, damu inamutoka, na kisha Reg anapaswa kumukata mukono. Mu kitabu unaona mistari nyeusi. Mu anime unasikia sauti ya mutoto. Wanaume wakubwa tulikuwa watano mu biro, na wawili walitoka inje kuvuta hewa.

Na kuna jambo lingine, lenye halina damu. Ku Belchero, vitu vyenye watoto wanatoa mu shimo vinakamatwa na nyumba ya yatima, juu ya kulipa chakula chao na kitanda chao. Mutoto mwenye anaficha kitu kimoja anaazibiwa. Anime inasema vile, haifiche. Lakini inasema mu jua ya asubui, na watoto wanachekachekana, na kipindi kinaendelea. Sisi wa sendika, wenye kazi yetu ni kuuliza nani anakula jasho ya nani, tulipita pale bila kusimama. Tulisimama paka wakati tulifungua kitabu.

Manga: unashuka na miguu yako

Mbele ya kuandika, Tsukushi alichora picha za michezo ya video kwa Konami, na inaonekana. Kitabu kimejaa karte za shimo zenye kukatwa katikati, na metre ziliandikwa pembeni: fasi ya kwanza inafika 1350, ya pili 2600, ya tatu 7000. Unaona kamba zinafungwa namna gani, mufuko wa mugongo unapangwa namna gani, nyama gani inakula nini. Mufanyakazi wa mugodi atakaa ku ukurasa mumoja dakika kumi. Hakuna mwenye atamusukuma.

Kitabu hakiombe umeme wala mega. Kinapita nyumba kwa nyumba. Kinaenda mbali pia kuliko filme: vipindi vya 2017 vinasimama ku mwanzo wa kitabu cha ine, na vitabu viliendelea kisha vipindi vya 2022.

Kitabu cha ine na cha tano, pamoja na filme ya 2020, vinaleta Bondrewd. Ni filimbi nyeupe, mutaalamu mwenye watu wanamusifu juu alifungua njia za chini. Watoto masikini wa inchi za mbali aliwaahidi safari kubwa, wakashuka naye na furaha. Kisha anatia wawili mu lifti ya vyumba viwili, juu ya uchungu wa kupanda uende yote kwa mumoja, na mwingine apone. Anasema na upole. Anakumbuka jina la kila mutoto. Kazi yake inaitwa maendeleo. Hatutaeleza zaidi. Kila mutu mwenye alisikia maneno matamu ku mulango wa mugodi atamutambua.

Yenye haifae

Tuseme waziwazi juu wazazi wasikasirike nasi kisha. Mu manga kuna picha za watoto bila nguo, na michezo ya maneno yenye mutu mukubwa hapaswi kufanya juu ya mutoto. Haisaidie hadisi kitu. Anime ilipunguza zingine, haikutosha zote. Hapo filme inashinda kitabu, na tunamulaumu mwandikaji. Filme ya 2020, ku Japani kwao, sinema zilikatazwa kwa wenye hawajafikisha miaka 15. Kama kwao mulango ulifungwa, kwetu pia mutoto asiingie kupitia simu ya mama.

Kidole ku picha

Siku 14 zilipoisha, tulimupatia kamarade kitabu cha kwanza. Tukamuambia: usimunyanganye simu na kunyamaza. Soma naye. Soma Kifaransa, geuza mu Swahili, na kurasa zenye haifae uzipite.

Walisoma jioni tatu, mbele ya posti. Jioni ya tatu mutoto aliweka kidole ku picha ya mutoto wa filimbi nyekundu mwenye mufuko ku mugongo. Akasema: «Papa, huyu iko Yaya.»

Yaya wake iko na miaka 15. Kila siku ya posho alikuwa anasema anaenda repetisyo ya koro. Kumbe alikuwa anaenda ku shimo la wachimbaji wa mukono, nyuma ya nyumba za mwisho, na toroshi ku kichwa, kushuka na kupandisha mifuko. Mudogo wake alijua, na aliapishwa asiseme. Aliona Riko anatokwa na damu ku kupanda, akaamini kama siku moja Yaya atapanda vile. Ile njo ilikuwa inamuliza usiku.

Papa yake akamuuliza: «Juu ya nini haukusema wakati ule wa filme?» Mutoto akajibu: «Filme haisimamake.»

Jibu lile lilitushinda. Wakubwa tuliketi siku 14 kubishana juu ya rangi na muziki.

Tulienda watatu pamoja na papa ku shimo lile. Mwenye shimo alikuwa na daftari: toroshi, bote, chakula, vyote viliandikwa deni, na mawe yalikuwa yanapunguza deni polepole. Kijana alishuka siku moja juu ya kupata feza ya uniforme. Masomo ya musingi ni bure tangu Mwezi wa 9, 2019, lakini yeye iko mu sekondari, na uniforme haiko bure fasi yoyote. Kutoka mu shimo lile ilimuchukua miezi ine, na hakukuwa anatoka bado.

Tulisomea mwenye shimo sheria. Kodi ya Madini ya 2002, yenye ilirekebishwa mu 2018, inaruhusu kuchimba kwa mukono paka mutu mukubwa mwenye karte. Sheria 09/001 ya tarehe 10 Mwezi wa 1, 2009, inasema mutoto ni kila mutu mwenye hajafikisha miaka 18. Deni yenye kuandikwa juu ya kazi yenye sheria inakataza, hatukuilipa. Alipiga kelele, kisha akafunga daftari. Kijana alirudia ku masomo. Marafiki wake wawili wanashuka bado, na wazazi wao hawajafika kwetu.

Basi, manga ao anime?

Kwa mukubwa: uanze na vipindi 13 vya 2017, juu ya muziki na juu ya kuona urefu wa shimo. Kisha urudie ku kitabu cha kwanza, polepole, na usimame fasi zenye filme ilikupitisha mbio. Bondrewd, kama roho yako inaweza, umusome mbele ya kumuangalia.

Kwa mutoto wa chini ya miaka 15: hapana, wala kimoja wala kingine, akiwa peke yake. Lakini kama alikwisha kuanza, na wengi walikwisha, kumunyanganya simu hakutamutoa mule ndani. Ukamate kitabu cha kwanza, uketi pembeni yake, umusomee, na ufunge kila wakati anataka kusema kitu.

Vitabu vitatu viko ku biro ya sendika, mu kabati ya kaske. Vinatolewa kwa wazazi tu. Mwenye anataka kimoja anaandika jina lake mu daftari na anakirudisha kisha siku saba. Na wazazi wa wale wawili, kama munasoma hapa, mulango wa biro unafunguliwa saa mbili ya asubui.