Pikapu ikinguruma, usikimbilie kufungua difu

WAMILIKI wengi wa pikapu za Toyota Land Cruiser wameshakutwa na hali hii: gari linafika kilomita 60 kwa saa, mngurumo unaanza chini ya sakafu, na kesho yake asubuhi linaonekana doa la mafuta mahali lilipolala. Likifikishwa gereji, fundi huingia uvunguni, hupangusa difu ya nyuma kwa kidole na kutoa hukumu kwamba difu imekufa. Fedha hutolewa, difu iliyotumika hufungwa, na mngurumo hubaki palepale.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa waliolipa gharama hiyo. Kilichokuwa kikinguruma ni beringi ya gurudumu la nyuma, kitu ambacho bei yake haikaribii hata robo ya bei ya difu.

Gari hili, la familia ya 70 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, hupeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, kisha kwenye transfa, ambayo huigawa kwa propela mbili, moja kwenda difu ya mbele na nyingine difu ya nyuma. Kuna vyumba vinne vya mafuta, na kila kimoja kina plagi yake ya kujazia ubavuni. Kabla ya kufungua chombo chochote, fungua plagi hizo nne, gari likiwa limesimama pahali tambarare. Mafuta yanapaswa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu. Hilo ni jambo la dakika 20, lakini ni mafundi wachache wanaolifanya bila kuombwa.

Linafaa kwa sababu uvujaji mbaya zaidi katika magari haya hauonekani sakafuni. Kati ya giaboksi na transfa ipo sili, na ikichakaa, mafuta ya giaboksi huhamia taratibu kwenye transfa. Hakuna tone linaloanguka. Ukifungua plagi ya transfa, mafuta yanamwagika kwa kuzidi. Ukifungua ya giaboksi, kidole hakiyafikii. Dereva atasikia giaboksi ikinguruma baada ya safari ndefu, na fundi atakayeongeza mafuta bila kuuliza yalikokwenda atakuwa ameahirisha tatizo tu.

Uvujaji wa pili wa namna hiyo upo nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye tufe la chuma linaloliwezesha gurudumu kukata kona. Ndani yake inatakiwa iwemo grisi nzito. Sili ya ndani ikiisha, mafuta ya difu huingia humo na kuigeuza grisi kuwa uji mweusi unaochuruzika hadi kwenye tairi. Wengi huupangusa na kuendelea na safari, ilhali difu ya mbele inazidi kukauka.

Wa tatu ndio wa hatari kwa maisha. Mafuta ya difu ya nyuma yakivuka sili na kuingia kwenye habu, huisafisha grisi ya beringi, kisha hulowesha breki. Gari huvutwa upande mmoja linapofungwa breki, au breki hukosa nguvu kabisa. Mtu anayeteremka Kitonga na shehena ya viazi hapaswi kuligundua jambo hilo akiwa katikati ya mteremko.

Kabla ya kulaumu sili, tazama tundu la kupumulia lililo juu ya kila difu. Difu ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka. Tundu likizibwa na tope, hewa hiyo husukuma mafuta kupitia sili ambayo pengine ni nzima. Gari likiingia mtoni difu ikiwa ya moto, mambo hugeuka: hewa hupoa ghafla, husinyaa na kuvuta maji ndani. Wenye magari yaitwayo mkonga hujisahau hapa. Bomba lile refu huilinda injini tu. Difu haina habari nalo. Mafuta yakionekana kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, na yabadilishwe siku hiyohiyo.

Kwa uvujaji unaoonekana, osha uvungu, endesha kilomita chache, kisha tazama. Upepo hupeleka mafuta nyuma, hivyo chanzo hutafutwa kwenye sehemu iliyolowa iliyo juu na mbele kuliko zote. Mafuta ya injini ya dizeli ni meusi. Ya gia ni mazito na hunuka salfa. Tofauti hiyo ni muhimu pale tone linapotoka kati ya injini na giaboksi, kwa kuwa huko kuna sili za pande zote mbili.

Sasa mngurumo. Swali la kwanza ni unatokea lini. Gari likiwa limesimama, injini ikiwaka na gia ikiwa huru, mngurumo unaotoweka ukikanyaga klachi unatoka ndani ya giaboksi. Ukianza pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe.

Ikiwa husikika gari likitembea tu, sikiliza mguu wako. Mlio wa meno ya difu hubadilika unapokanyaga mafuta na unapoyaachia. Beringi ya gurudumu haijali mafuta, hufuata mwendo. Lakini mara nyingi huongeza sauti kwenye kona, kwani gari likikata kushoto uzito hulalia kulia. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise, kisha ulizungushe polepole. Tairi zilizolika vibaya nazo huvuma, ila sauti yake hubadilika ukitoka lami na kuingia vumbi. Mgongo mmoja mkavu wakati wa kubadili gia huelekeza kwenye krosi za propela.

Upande wa mbele una kipimo chake. Habu zikiwa zimefunguliwa, propela ya mbele husimama. Zifunge kwa mkono, uache transfa kwenye magurudumu mawili, kisha uendeshe: sasa difu ya mbele inazungushwa na magurudumu. Mngurumo ukijitokeza, umepata upande. Usijaribu magurudumu manne kwenye lami kavu, maana mfumo huu hujikaza na kulalamika hata ukiwa mzima.

Plagi ya kumwagia mafuta ina sumaku. Ujiuji wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole si kawaida. Ukikuta jino la gia la difu ya nyuma nawe uko mbali na mji, pikapu hii ina ahueni yake: ekseli za nyuma huchomolewa bila kutoa magurudumu, propela ya nyuma hufunguliwa, habu hufunikwa dhidi ya vumbi, na gari likafika nyumbani polepole likivutwa na magurudumu ya mbele.