Je, Wajua? Marisau, Mtutu na Bata wa Malagarasi

Mto Malagarasi, unaoingia Ziwa Tanganyika kusini mwa Ujiji, hupita katika Malagarasi-Muyovozi, ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Kwa mwenye leseni ya kuwinda bata katika nchi ya maji kama hii, marisau ya chuma yanafaa kuliko ya madini ya risasi. Bata humeza changarawe ili firigisi isage chakula, wala hawezi kuzitofautisha na marisau ya madini ya risasi yaliyozama topeni. Machache tu humtia sumu, na furukombe anayemla bata huyo naye hudhurika.

Wawindaji hupinga wakisema chuma ni chepesi, hakifiki mbali. Ni kweli: sentimita moja ya ujazo ina gramu 7.9 hivi, dhidi ya 11.3 za risasi, kwa hiyo hupoteza kasi mapema. Dawa yake ni kuchagua punje kubwa zaidi, kwa namba mbili hivi, na kumngoja ndege akaribie. Mdomo wa mtutu nao usibanwe sana. Punje za risasi hubonyea zikatawanyika, ndiyo maana huhitaji mbano. Za chuma hubaki mviringo, huenda kwa pamoja zenyewe, na mbano mkali waweza kuharibu mtutu. Anayelalamika kwamba chuma hujeruhi tu, mara nyingi amebadili marisau bila kubadili mbano wala umbali. Bunduki kuukuu ikaguliwe kwanza na fundi.