Sakafu ya Paini: Vanishi, Mafuta au Nta?

Sakafu ya sebule yetu hapa Njombe ni ya mbao za paini, na kwa baridi ya Juni na Julai siibadilishi na marumaru. Lakini pale mlangoni, watoto wanapoingia na mchanga kwenye viatu, vanishi ilianza kubanduka kabla ya mwaka wa pili kuisha. Palipobanduka hapakuzidi upana wa sahani. Hata hivyo, ili pasionekane kiraka, ilibidi vyombo vyote vitolewe na sebule nzima ipigwe msasa. Nilinunua kwa kutazama mng'ao; sikuuliza itachakaa vipi.

Paini ni mbao laini. Ukiikandamiza kwa ukucha, alama inabaki. Mguu wa kiti ukiiburuza, inabonyea. Chochote unachoipaka lazima kiendane na ulaini huo.

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12.

Vanishi ya poliyurethani. Lita moja hutosha kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mikono mitatu itataka lita 3.6, basi nunua 4. Ile ya mafuta huipa paini rangi ya asali, ila inanuka sana na huhitaji kama siku nzima kati ya mkono na mkono. Ya maji hukauka kwa saa chache na haibadilishi sana rangi ya mbao, lakini kwa kawaida ni ghali zaidi. Zote mbili huzuia maji vizuri. Udhaifu wake ni kwamba ni ngozi ngumu juu ya mwili laini: mbao ikibonyea ngozi hupasuka, maji hupenya, na kubanduka kunaanza.

Mafuta ya mbegu za kitani, yaliyochemshwa. Haya hunywewa na mbao. Mkono wa kwanza hula mengi, wa pili machache. Chumba chetu kitataka kama lita mbili na nusu. Kila mwaka utaongeza mkono mwembamba. Hayakingi maji kama vanishi, ila palipokwaruzika unapasugua kwa msasa laini na kupapaka hapo hapo. Angalizo kubwa: tambara lenye mafuta haya likikunjwa na kutupwa pembeni linaweza kushika moto lenyewe. Litandaze nje likauke, au liloweke kwenye maji.

Nta. Huonekana vizuri na hupakwa kwa urahisi, lakini hutelezesha, tone la maji huiachia doa, na ukitaka kuhamia vanishi lazima uiondoe yote kwanza. Mimi sipendekezi nta kwa nyumba yenye watoto au wazee.

Sasa hesabu. Usilinganishe bei ya kopo kwa kopo. Jumlisha kopo, msasa, fundi na siku ambazo chumba hakitumiki, kisha gawanya kwa miaka ambayo ulichopaka kitadumu. Kwa miaka mitano, mafuta yanaweza kula lita nyingi kuliko vanishi, ila kazi ni yako mwenyewe, Jumamosi moja kwa mwaka. Vanishi hukaa kimya miaka kadhaa, kisha hudai vyote kwa mpigo: fundi, mashine na makopo mapya. Na kila mashine ya msasa inapopita, unene wa ubao unapungua. Hiyo nayo ni gharama, maana ubao haurudi.

Matunzo ya sakafu hayana gharama kubwa. Fagia kila siku, kwa sababu mchanga ndio msasa usioalikwa. Usideki kwa kumwaga maji. Kamua tambara mpaka lisidondoke. Bandika vipande vya blanketi kuukuu chini ya miguu ya viti. Kwenye sakafu ya mafuta, dondoshea tone la maji: likisimama, subiri; likinywewa, wakati wa kupaka umefika.

Ushauri wangu: chumba cha kulala, kisichopitwa na watu wengi, kipake vanishi. Sebule, korido na mlangoni, paka mafuta. Sebule yetu tuliipiga msasa mara moja ile, tukahamia mafuta. Mlangoni bado panachakaa mapema kuliko kwingine, lakini sasa napatengeneza kwa tambara na kikombe cha mafuta, na makochi yanabaki mahali pake.